KILL kabla ya CLOSE: jinsi BASIC ilivyotufundisha (na kutukosesha) kuhariri mafaili

Mwaka jana nilipoteza vipimo vya wiki sita. Sikuibiwa laptop, wala diski haikufa. Nilikuwa na faili moja la maandishi, mistari elfu nne na ushee, pamoja na kijiprogramu cha Python cha kusahihisha safu moja ambayo desimali zake zilikaa pasipo pake. Nikalifungua faili lile lile kwa ajili ya kuandika, programu ikakwama kwenye kosa mstari wa tatu, na nilipoangalia ukubwa wa faili nikakuta sifuri. Baiti sifuri! Kwa bahati nilikuwa nimemtumia mwenzangu wa maabara nusu ya kwanza. Hiyo nusu nyingine nilirudi kuipima upya, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kama umewahi kuandika programu, umeshaona nilipokosea. Kufungua faili kwa herufi "w" maana yake ni kulifuta kwanza, ndipo uandike. Lakini kilichonifanya nianze kuchimba historia ni kugundua kwamba kosa hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Lilikuwa linawaumiza watu kwenye BASIC, lugha ambayo kwa kizazi kizima ndiyo ilikuwa mlango wa kuingilia kwenye kompyuta. Miongozo ya BASIC ilionya wazi kuhusu jambo hili. Tena mwongozo mmojawapo, pale pale unapokufundisha njia salama, unateleza mstari mmoja. Nataka nikuonyeshe mstari huo, lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana mwanzoni BASIC haikuwa na tatizo hili kabisa.

Data ilipokuwa ndani ya programu

Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, katika chuo cha Dartmouth huko New Hampshire, Marekani, programu za kwanza za BASIC zilifanya kazi. Waanzilishi wake ni John Kemeny na Thomas Kurtz, wanahisabati wawili waliotaka kila mwanafunzi aweze kutumia kompyuta, hata yule anayesoma fasihi. Mwanafunzi alikaa mbele ya mashine ya Teletype, ambayo ni kama taipureta yenye kelele iliyounganishwa na kompyuta kubwa. Skrini haikuwepo. Kila kitu kilichapwa kwenye karatasi.

Kwenye BASIC hiyo ya kwanza hapakuwa na amri ya kufungua faili la data. Hata INPUT, ile ya kumuuliza mtumiaji, ilikuja baadaye. Data yako uliiandika ndani ya programu yenyewe, kwenye mistari inayoanza na neno DATA, na programu ikaisoma kwa READ. Kwa hiyo kuhariri data na kuhariri programu ilikuwa kazi moja. Ukitaka kubadilisha mstari wa 200, unaandika 200 halafu maneno mapya, na mstari wa zamani unaondoka. Ukiandika 200 peke yake na kubonyeza kitufe cha kurudi, mstari unafutika. Basi. Huna kishale cha kusogeza wala menyu ya kutafuta.

Sasa angalia kitu ambacho ni rahisi kukipita. Ulichokuwa unahariri ni nakala. Ukitaka kazi yako ya jana, unaandika OLD, kompyuta inakuuliza jina, kisha inakuletea nakala kwenye eneo lako la kazi. Uiharibu utakavyo, ile iliyohifadhiwa haiguswi mpaka utoe amri. Ukiamua kuitupa kabisa, kulikuwa na amri yake peke yake, UNSAVE. Kuhifadhi na kuharibu vilikuwa na maneno mawili tofauti, na hakuna aliyeweza kufuta kwa kudhani anafungua.

Babu, baba na mwana

Wakati wanafunzi wa Dartmouth wanacheza na Teletype, ulimwengu wa benki, bima na serikali ulikuwa unatumia kanda za sumaku. UNIVAC, mashine ya kwanza ya kibiashara ya Marekani iliyopokewa na ofisi ya sensa mwaka 1951, ilitegemea kanda, na zilizofuata vivyo hivyo kwa miaka mingi.

Ukanda una tabia moja ya kuudhi: kwa kawaida huwezi kubadilisha kitu katikati. Jina la mteja likirefuka kwa herufi tatu, litakanyaga la jirani yake. Kwa hiyo walifanya hivi: ukanda wa jana unasomwa kwenye mashine moja, orodha ya mabadiliko inasomwa pembeni, na ukanda mpya kabisa unaandikwa kwenye mashine nyingine. Kazi ikiisha unakuwa na viwili, wa jana na wa leo. Kesho yake unapata wa tatu. Mafundi waliviita babu, baba na mwana. Mwana akiharibika, unamrudia baba na kurudia kazi ya siku moja. Baba naye akiharibika, babu bado yupo kabatini.

Kulikuwa pia na kile kipete cha plastiki. Nyuma ya gurudumu la ukanda kulikuwa na mfereji, na bila kipete hicho kuingizwa humo mashine ilikataa kuandika. Hutaki ukanda uguswe? Ng'oa kipete. Mimi ningelipa hela nzuri kupata kipete kama hicho kwenye laptop yangu.

Hakuna aliyeketi akabuni usalama huu kwa hekima. Ulitokana na udhaifu wa chombo. Kwa kuwa ukanda hauhaririki katikati, ulilazimika kuandika upya, na kwa kuwa uliandika upya, ya zamani ilibaki. Halafu ikaja diski, ambayo inaweza kuandika popote na wakati wowote, na ile lazima ikaisha.

Herufi "O"

Mwaka 1975 Bill Gates, Paul Allen na Monte Davidoff waliandika BASIC kwa ajili ya Altair 8800, kompyuta ndogo iliyouzwa kama vipande vya kuunganisha mwenyewe. Hiyo ya kwanza iliingizwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Diski laini zilipoenea miaka michache baadaye, BASIC ya Microsoft ilihitaji namna ya kusoma na kuandika mafaili, na namna hiyo ikawa amri ya OPEN yenye herufi: "I" kwa kusoma, "O" kwa kuandika, "R" kwa faili la rekodi zenye urefu sawa.

Ukifungua kwa "O" jina ambalo halipo, faili jipya linaundwa. Ukifungua kwa "O" jina ambalo lipo, kilichomo kinaharibiwa papo hapo, kabla hujaandika hata herufi moja. Hakuna swali, hakuna "una uhakika?" Ni neno lile lile kwa kuunda na kwa kubomoa, na tofauti inategemea kitu ambacho wewe unayeandika programu hukioni: kama jina hilo tayari lipo kwenye diski au halipo.

Hapa ndipo nafikiri waliteleza kuliko watu wa Dartmouth, na hata kuliko washindani wao. Kompyuta za Commodore, kwa mfano, zilikataa. Ukijaribu kuandika kwenye jina lililopo, diski inarudisha kosa namba 63, faili lipo. (Tatizo ni kwamba kosa lenyewe lilionekana kama taa inayopepesa kwenye kiendeshi, na kama hukujua kusoma chaneli ya 15 ulibaki unashangaa taa.)

Mstari mmoja kwenye mwongozo

Sasa tufike pale nilipokuahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mfumo uliokuwa unatawala kompyuta ndogo za ofisini ni CP/M, kazi ya Gary Kildall, na BASIC ya Microsoft ilikuwa na toleo lake la kutumika humo. Mwongozo wake una sehemu ya nyongeza kuhusu diski, na ndani yake kuna somo la jinsi ya kuongeza majina mwishoni mwa faili lililopo. Unaonya vizuri kabisa kwamba usifungue kwa "O", utapoteza kila kitu. Badala yake unapendekeza utaratibu wa nakala. Nimeuandika upya kwa ufupi, kwa majina na namba zangu, ila mpangilio wa hatua ni ule ule:

10 OPEN "I",#1,"MAJINA"
20 OPEN "O",#2,"NAKALA"
30 IF EOF(1) THEN 70
40 LINE INPUT #1,A$
50 PRINT #2,A$
60 GOTO 30
70 CLOSE #1
80 KILL "MAJINA"
90 LINE INPUT "Jina jipya: ";N$
100 IF N$="" THEN 130
110 PRINT #2,N$
120 GOTO 90
130 CLOSE #2
140 NAME "NAKALA" AS "MAJINA"

Kama hujui BASIC usiogope, inasomeka. Mistari ya 10 na 20 inafungua la zamani kwa kusoma na jipya kwa kuandika. 30 mpaka 60 inanakili mstari kwa mstari hadi mwisho. 70 inafunga la zamani. 90 mpaka 120 inapokea majina mapya kutoka kwenye kibodi, ukibonyeza bila kuandika kitu inatoka. 130 inafunga jipya, na 140 inalibadilisha jina ili lichukue nafasi ya la zamani. Ni baba na mwana wa kanda, wamehamia kwenye diski.

Soma tena polepole, halafu jiulize: faili la zamani linakufa lini?

Mstari wa 80. KILL ni amri ya kufuta faili. Na wakati huo nakala bado iko wazi, haijafungwa, na programu inakaa mstari wa 90 ikimsubiri binadamu aandike. Binadamu huyo anaweza kukaa pale nusu saa, anatafuta karatasi yenye majina, anapokea simu, anakwenda kunywa chai. Muda wote huo la zamani halipo tena na jipya halijakamilika.

Umeme ukikatika hapo, nini kinabaki? Jibu linategemea jinsi CP/M ilivyoandika saraka yake. Faili linapoundwa, jina lake linaingia kwenye saraka mara moja. Lakini orodha ya wapi kwenye diski data yake imewekwa inashikiliwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuandikwa faili linapofungwa, au linapojaza sehemu moja ya saraka, yaani kama kilobaiti 16. Kwa hiyo faili dogo la wateja, tuseme kilobaiti 10, ambalo halikufungwa, linaonekana kwenye diski likiwa na jina na ukubwa sifuri. Majina yenyewe huenda bado yako kwenye sumaku ya diski, ila hakuna ramani ya kuyafikia. Na MAJINA umeshaliua mwenyewe.

Fikiria wewe ndiye karani mwaka 1980. Umefuata mwongozo neno kwa neno. Umeme umekatika kwa sekunde mbili tu. Unawasha tena, na orodha ya wateja wote haipo. Utasema umekosea wapi?

Mtu anaweza kutetea kwamba diski zilikuwa ndogo. Ni kweli. Diski laini ya inchi nane ya CP/M ya kawaida ilibeba kama kilobaiti 240, na IBM PC ya mwaka 1981 ilianza na diski za kilobaiti 160. Kufuta la zamani mapema kuliachia nafasi ya majina mapya. Lakini utetezi huu haunitoshi, kwa sababu kufikia mstari wa 80 nakala nzima tayari imeshaandikwa. Nafasi ya mafaili mawili ilishapatikana. Kilichobaki ni majina machache ya kuandikwa kwa mkono. Nadhani maelezo ya kweli ni rahisi zaidi: aliyeandika alikuwa anafikiria programu inayofika mwisho wake. Ikifika mwisho, mpangilio haujalishi, matokeo ni yale yale. Tofauti inaonekana pale tu programu inapokatizwa, na mwandishi wa mfano mara nyingi hajiulizi kuhusu kukatizwa. Mimi pia sikujiuliza.

Na kinachokera ni kwamba njia sahihi ilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. CP/M ilikuja na programu yake ya kuhariri maandishi, ED, ambayo watumiaji wengi waliichukia kwa ugumu wake. Ila kwenye jambo hili ED ilikuwa na akili. Ukiipa BARUA.TXT, inaandika kazi mpya kwenye BARUA.$$$ na ile ya zamani haiguswi. Ukimaliza na kutoka kwa amri ya kuhifadhi, ndipo la zamani linapewa jina BARUA.BAK, na BARUA.$$$ inakuwa BARUA.TXT. Ukighairi, la asili liko kama lilivyokuwa. Umeme ukikatika wakati wowote, kuna angalau faili moja kamili, lililofungwa, lenye jina unalolijua. Desturi hiyo ya BAK ikaendelea mpaka kwenye WordStar na EDLIN ya DOS, na wazee wetu waliotumia kompyuta miaka ya 1980 na 1990 watakumbuka diski zilizojaa mafaili ya BAK waliyokuwa wakiyafuta kwa hasira ili kupata nafasi.

Commodore na amri iliyopoteza sifa

Mwaka 1982 ilitoka Commodore 64, na pamoja nayo kiendeshi cha diski, 1541. Kiendeshi hiki kilikuwa kompyuta kamili: kina prosesa yake, kina mfumo wake wa diski, na kina kumbukumbu yake ya kilobaiti 2 tu.

Nimeshakwambia kwamba Commodore ilikataa kuandika juu ya jina lililopo. Ukitaka kubadilisha kwa makusudi, uliweka alama ya @ mbele ya jina: SAVE "@0:HESABU",8. Hata kwa mafaili ya data ilikuwa hivyo. Na muundo wake ulikuwa ule salama kabisa: kiendeshi kinaandika faili jipya mahali patupu, kisha, likishafungwa, ndipo linachukua nafasi ya la zamani kwenye saraka na sehemu za la zamani zinaachiliwa. Kwenye karatasi, ndiyo amri bora kuliko zote nilizozitaja mpaka sasa.

Kivitendo, watu walianza kulalamika kwamba mara chache, bila mpangilio, @ inaharibu mafaili. Unahifadhi HESABU, halafu siku nyingine unafungua faili tofauti kabisa na kukuta ndani yake vipande vya HESABU. Wengine wakajaribu mara mamia, hawakuona kitu, wakasema ni uvumi. Magazeti ya kompyuta yalibishana kwa miaka. Ushauri uliozoeleka ukawa: usitumie @ kabisa, futa la zamani mwenyewe kisha hifadhi jipya.

Katikati ya miaka ya 1980 ikathibitishwa kwamba waliolalamika walikuwa na haki. Programu ya ndani ya 1541 ilirithiwa kutoka viendeshi vya zamani vya Commodore vilivyokuwa na diski mbili, na mabaki ya ile diski ya pili yalibaki humo. Ukiandika @ bila kutaja namba ya diski, yaani "@:" badala ya "@0:", kiendeshi kingeweza kutenga bafa kwa ajili ya diski ya pili ambayo haipo. Bafa zenyewe ni chache mno. Zikipungua, kiendeshi kinajaribu kuazima moja iliyoshikwa na kazi nyingine, na katika kuazima huko ndimo kasoro ilimokuwa: data ya faili moja inaishia kwenye sehemu ya faili jingine.

Inasikitisha ukiifikiria. Ushauri wa kufuta kwanza na kuhifadhi baadaye ni kurudi kwenye mstari wa 80. Watu walikimbia njia salama iliyokuwa na kasoro wakaingia kwenye njia hatari isiyokuwa na kasoro. Waliokuwa makini zaidi walihifadhi kwa namba, HESABU1, HESABU2, HESABU3, na kufuta za zamani siku diski ikijaa. Babu, baba na mwana, bila kujua jina hilo.

Jambo moja nililipenda kwenye 1541: faili ambalo halikufungwa linaonekana. Kwenye orodha ya saraka linawekewa nyota mbele ya aina yake, *SEQ badala ya SEQ. Ukiiona nyota hiyo unajua kuna kazi ilikatizwa, na kulikuwa na namna maalumu ya kulifungua kwa kusoma, kwa herufi M, ili uokoe kinachookoleka. Ole wako ukilifuta kwa amri ya kawaida, maana sehemu zake zingeweza kuwa zinagusana na za mafaili mazima. Njia sahihi ilikuwa kuiambia diski ijikague upya yote, kwa amri ya VALIDATE. Kwenye DOS ya IBM, kinyume chake, faili lisilofungwa lilikaa kwenye saraka likiwa na ukubwa sifuri kana kwamba ni la kawaida, na mabaki yake uliyasaka kwa CHKDSK, ambayo iliyarudisha kwa majina kama FILE0000.CHK. Ukiwa nayo thelathini, kazi kwako.

Uharibifu usio na kelele

Mpaka hapa nimeongelea kifo cha ghafla. Lakini kuna uharibifu mwingine ambao hausubiri umeme ukatike, na huu kwa maoni yangu ni mbaya zaidi kwa sababu programu inafika mwisho ikitabasamu.

Chukua mkato. Kwenye BASIC ya Microsoft, INPUT # inasoma mpaka ikutane na mkato au mwisho wa mstari, na alama za kunukuu inazivua. Ukiwa na mstari "Juma, Asha" ndani ya alama za kunukuu, INPUT # inaupokea vizuri kama kitu kimoja. Ukiuandika tena kwa PRINT #, alama zile hazirudi. Safari ijayo, mteja mmoja anakuwa wawili, na kila rekodi iliyo chini yake inasogea nafasi moja: simu ya huyu inakuwa deni la yule. Ndiyo maana mfano wa juu unatumia LINE INPUT #, inayobeba mstari mzima bila kuugusa. Ukisoma kwa INPUT #, basi andika kwa WRITE #, ambayo inarudisha alama na mikato yake.

Au chukua herufi namba 26. CP/M ilihesabu ukubwa wa mafaili kwa vipande vya baiti 128, si kwa baiti moja moja, kwa hiyo mwisho halisi wa maandishi uliwekewa alama: herufi namba 26, ile ya Ctrl na Z. DOS na GW-BASIC wakairithi. Ikitokea herufi hiyo imeingia katikati ya faili lako, labda kwa hitilafu ya laini ya simu, EOF(1) itasema "mwisho" pale pale. Mstari wa 30 utaamini. Nakala itakuwa nusu, itafungwa vizuri kabisa, na la zamani litauawa. Hapa hata mpangilio mzuri wa hatua haukuokoi. Kinachokuokoa ni kulinganisha kabla ya kuua. GW-BASIC ilikuwa na LOF inayokupa ukubwa wa faili lililofunguliwa, kwa hiyo unaweza kuuliza la zamani lina baiti ngapi na jipya lina ngapi. Umeongeza majina halafu faili limepungua? Simama hapo hapo.

Mafaili ya "R", yale ya rekodi zenye urefu sawa, yalikuja kama jibu la haya yote. Unaenda moja kwa moja kwenye rekodi ya 17, unaibadilisha, unairudisha kwa PUT, na zingine haziguswi. Kasi yake ilikuwa tamu. Ila huko hakuna nakala: unaandika juu ya asili. Tena kulikuwa na mtego ambao naamini uliwatesa wengi. Sehemu za rekodi zilitajwa kwa FIELD, na ili kuweka thamani mpya ulipaswa kutumia LSET au RSET. Ukijisahau ukaandika J$="ASHA" kwa njia ya kawaida, jina J$ linahama kutoka kwenye bafa ya faili, na PUT inaandika kile kilichokuwemo zamani. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Unachapa J$ kwenye skrini, inasoma ASHA. Unazima, unawasha kesho, ASHA hayupo.

Kwa upande wa Uingereza, BBC Micro ya mwaka 1981, ambayo BASIC yake iliandikwa na Sophie Wilson, walitenganisha maneno: OPENIN ya kusoma, OPENOUT ya kuanza upya, na OPENUP ya kurekebisha lililopo. OPENOUT bado ilifuta bila kuuliza, lakini angalau anayetaka kurekebisha alikuwa na neno lake. Na mfumo wa diski uliruhusu kulifunga faili kwa *ACCESS ili lisifutwe wala kuandikwa juu yake. Kipete cha plastiki kilikuwa kimerudi.

Turekebishe ule mstari

Mwaka 2020 Microsoft waliweka hadharani chanzo cha GW-BASIC cha mwaka 1983, na emuleta za mashine hizi zote zinapatikana bure, kwa hiyo unaweza kuijaribu programu ya juu mwenyewe leo jioni. Zima emuleta ukiwa kwenye mstari wa 90, washa tena, uone kilichobaki. Mimi ile ya Python niliirekebisha kwa namna hiyo hiyo: naandika kwenye faili la pembeni, nafunga, nalinganisha idadi ya mistari, ndipo nabadilisha jina. Ni mistari minne zaidi.

Kwenye BASIC ni michache kuliko hapo. Badala ya kuliua faili la zamani, tunalipa jina jingine, na tunafanya hivyo baada ya jipya kufungwa. Ukumbuke tu kwamba NAME inakataa jina ambalo tayari lipo, inatoa kosa namba 58, kwa hiyo kuanzia mara ya pili itabidi uondoe ZAMANI ya juzi kwanza; babu anampisha baba. Uhariri wenyewe unafanyika kama walivyofanya Dartmouth mwaka 1964, kwa kuandika namba. Unaanza na mstari mpya:

135 NAME "MAJINA" AS "ZAMANI"

Unaandika LIST, unaukagua kwa macho kwamba umekaa kati ya 130 na 140. Halafu ndipo unaandika

80

na kubonyeza kitufe cha kurudi.